Maswali ya Wasomaji: Picha za Simu Kuuzwa Mtandaoni

SWALI: Mhariri, salamu. Nina simu yenye kamera ya megapikseli 12. Nilituma picha za macheo ya Raskazone kwa Shutterstock na Adobe Stock, kampuni zinazouza picha mtandaoni, karibu zote zikarudishwa: zina chembechembe. Nikope ninunue kamera kubwa?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Usikope. Kampuni zote mbili hupokea picha kuanzia megapikseli 4, kwa hiyo simu yako inatosha. Kinachokuangusha ni giza la alfajiri. Mwanga ukipungua, simu yenyewe hupandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na hapo ndipo chembechembe zinapozaliwa. Iegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika, chagua hali ya kupangia mwenyewe kama ipo, shusha ISO hadi 100 au karibu na hapo, na tumia saa ya kuhesabu ili kidole kisiitikise. Usikuze kwa vidole: simu haikusogezi karibu, inakata kipande cha katikati na kukitanua. Tembea. Lenzi nayo ifute kila mara, maana chumvi ya upepo wa bahari huacha ukungu usiouona kwenye kioo kidogo.

Jambo moja huwaponza wengi: kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta kwa WhatsApp. Hubanwa na kupunguzwa, ubora ukapotea kabla hujaanza. Tumia waya. Kisha ifungue kwa asilimia 100 uone kama ulicholenga kimekaa sawasawa.

Hata hivyo macheo yenyewe, tukuambie ukweli, yamejaa huko tele. Anayenunua ni mtu wa ripoti, wa kitabu cha shule, wa tovuti ya biashara, na anatafuta kitu mahususi. Wewe unakaa Tanga! Singa za mkonge zikianikwa kwenye nyaya, majani yakiingia kwenye korona, ile mashine ya kutoa singa, machungwa ya Muheza yakipakiwa: hivyo havipigwi na kila mtu. Shamba lina mwenyewe, omba ruhusa kwanza. Piga ya kulala na ya kusimama, acha nafasi tupu upande mmoja wa kuwekea maandishi, kisha tuma mbili tatu tu. Kumi zinazofanana hukataliwa kwa kufanana.

Maneno ya utafutaji, yale yanayomfikisha mnunuzi kwenye picha yako, yaandike kwa Kiingereza. Shutterstock hutaka 7 hadi 50, Adobe mwisho 49, na kwa Adobe yale 10 ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Anza na “sisal”, “fiber”, “drying”, “Tanzania”. Neno lisiloonekana pichani liache.

Kuhusu fedha, usitarajie kodi ya nyumba. Adobe hukupa asilimia 33 ya mauzo ya picha. Shutterstock huanza na 15, hupanda hadi 40 kadiri unavyouza, na kila Januari unarudi chini. Picha moja inaweza kukuletea senti 10 za dola. Adobe hailipi mpaka ufikishe dola 25. Utajaza pia W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya pato linalotokana na wanunuzi wa huko hukatwa.

SWALI: Nikipiga wavuvi soko la samaki Bagamoyo, lazima wasaini?
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Kwa matumizi ya matangazo, ndiyo: kila anayetambulika asaini fomu ya ridhaa, na mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Nembo kwenye jezi na ndoo zifutwe. Shutterstock ina pia kundi la picha za habari lisilodai saini, ila maelezo lazima yaanze na mji, nchi na tarehe, na picha isichezewe. Njia nyepesi ni mikono ikipara samaki, nyavu zikishonwa, matanga ya mashua. Hapo hakuna uso wa kusainiwa. Kwenye magofu ya Kaole, uliza ofisini kuhusu picha za biashara kabla ya kupiga, kwani tiketi ya kuingilia usiihesabu kuwa kibali.