Kaka huyu si kaka yule

Mhariri, wiki hii mmeuliza: neno fupi la Kiswahili likisikika pia katika lugha nyingine, ni neno lilelile au ni bahati tu? Mimi jibu nimelikuta kwenye cherehani.

Mimi ni fundi nguo karibu na soko kuu hapa Mtwara mjini. Mwaka jana aliingia mama mmoja kutoka Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kumshonea mwanawe suruali. Tukaelewana kwa Kimakonde, Kiswahili na vidole. Nikamwambia mtoto, "Haya kaka, simama wima nikupime." Akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Mama alijikaza, akashindwa. Kumbe kwa Kireno cha watoto, kaka ni mavi.

Alipotulia, yule mama akaonyesha penye kitambaa na vumbi la chaki, akasema, "Meza." Nikamsifu kwa kujifunza Kiswahili. Akakataa: hicho ni Kireno, wanaandika mesa. Kweli. Meza ni yao, ikatufikia pamoja na wenzake: bendera, mvinyo, leso, hata gereza, ambalo kwao ni igreja, yaani kanisa (jinsi kanisa lilivyogeuka kifungo, waulizeni wanahistoria). Ila meza ya kumeza kidonge ni Kibantu chetu, wala haikupanda jahazi. Sauti moja, ndani ya lugha moja, na asili mbili.

Kwa hiyo mimi sikio siliamini. Ninauliza neno limepita njia gani, na limekuja na nani. Chukueni chai. Yule mama anasema chá, masikioni mwangu ni "sha". Mwingereza anasema tea. Yote matatu yametoka China. Wareno walilipata upande wa Macau, kwa watu wanaotamka "cha". Waholanzi walifanya biashara na wasemaji wa Kihokkien, wanaotamka "te", wakalisambaza hilo Ulaya. Chai yetu ilipitia Uajemi na Bara Hindi. Basi chai na tea, ambazo hata hazifanani, ni ndugu wa damu, na kaka wangu na kaka wa Palma hawajuani kabisa.

Mfano unaonifurahisha zaidi uko Australia. Katika lugha ya Kimbabaram, mbwa aliitwa dog, sawasawa na Kiingereza. Mtu angeapa kwamba wamelikopa kwa wazungu. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alionyesha kuwa sivyo: neno la zamani lilikuwa gudaga, ambalo jirani zao bado wanalo, likamomonyoka pole pole mpaka likabaki hivyo.

Mama na baba ni kesi nyingine. Kinywa cha mtoto mchanga huanza na sauti za midomo, wazazi wakazidaka na kujipa vyeo. Hivyo ndivyo alivyoeleza mwanaisimu Roman Jakobson. Lakini vyeo vyenyewe havikugawanywa sawa: kwa Wageorgia mama ni baba mzazi, na kwa Warusi baba ni mwanamke. Dada kwa Kihindi ni babu mzaa baba.

Suruali ilikaa vizuri, kiuno nilikiachia akue. Siku hizi yule mtoto akija mjini na mama yake, hupita makusudi mbele ya kibanda changu, akapaza sauti, "Shikamoo, kaka!" Kisha hukimbia kabla sijaitikia.