Usisaini leo: kwa wanafunzi wetu walioko vyuo vya Marekani

Wanafunzi wetu wanaosoma Marekani hunipigia simu kwa mambo mengi, lakini inayoninyima usingizi ni ile inayoanza hivi: "Dada, chuo kinasema tunaweza kuyamaliza bila kikao. Nisaini?" Nimeshawasindikiza kadhaa kama mshauri wao katika mashauri ya unyanyasaji wa kingono. Jibu langu la kwanza halibadiliki: usisaini leo.

Karibu vyuo vyote huko vinapokea fedha za serikali kuu, hivyo vinabanwa na sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, ukiwemo unyanyasaji wa kingono. Kanuni zake zimekuwa zikipinduliwa kila mara. Za mwaka 2020 zilivitaka vyuo viitishe kikao cha kusikiliza shauri, pande zote zihojiwe. Zilizoanza Agosti 2024 zikaruhusu shauri liamuliwe bila kikao, lakini mahakama ya shirikisho huko Kentucky ikazifuta tarehe 9 Januari 2025, na zile za 2020 zikarudi. Kwa hiyo aliyepitia haya mwaka 2024 anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa na bado akakupoteza.

Kwa kanuni hizo za 2020, shauri rasmi linaweza kumalizwa kwa usuluhishi, yaani kwa makubaliano bila kikao, iwapo mlalamikaji na mlalamikiwa wote wamekubali kwa hiari na kwa maandishi. Chuo hakiruhusiwi kuupendekeza kabla ya malalamiko rasmi kuwasilishwa. Hakiruhusiwi kuutumia kabisa pale mwanafunzi anapomlalamikia mfanyakazi wa chuo, mathalani mhadhiri. Na maadamu makubaliano hayajafikiwa, unaweza kujitoa wakati wowote ukarudi kwenye njia ya kikao.

Hili la kujitoa watu wetu hawaliamini. Tumelelewa kwamba wazee wakishakaa kukusuluhisha, kuinuka katikati ni utovu wa adabu. Binti mmoja niliyemsindikiza alikuwa ameshapigiwa simu na mzee wa jumuiya yetu katika mji ule: "Mwanangu, ninyi nyote ni watoto wetu. Mwenzako atapoteza viza. Yamalizeni." Aliingia ofisini akiwa ameshakubali kwa ajili ya mzee. Nikamwomba aisome karatasi kwa sauti, taratibu. Alipofika kwenye sentensi inayosema akishasaini hatalifungua tena shauri hilo, akanyamaza. Kisha akamuuliza afisa, "Na akinifuata tena bwenini?"

Swali lile ndilo lililofungua mazungumzo. Likaandikwa sharti la kijana kuhama jengo, kubadilisha kipindi cha maabara, kutomwandikia binti ujumbe wala kumtuma rafiki, na ikaandikwa bayana nini kitampata akikiuka. Rasimu ya kwanza haikuwa na lolote kati ya hayo, ilisema tu pande zote "zitaheshimiana". Binti alisaini wiki iliyofuata, akijua anachosaini.

Siupingi usuluhishi. Kwa mtu aliyesumbuliwa kwa maneno machafu au kufuatwafuatwa, anayetaka tu aachwe asome, unaweza kumfaa kuliko miezi ya uchunguzi. Ila aliyebakwa asisukumwe huko na yeyote, awe afisa wa chuo, mchungaji, shehe au shangazi. Njia ya polisi nayo iko wazi, chochote chuo kitakachoamua.

Wengi hukimbilia usuluhishi kwa kuogopa kikao tu, wakidhani watasimama uso kwa uso na aliyewatendea. Sivyo. Mlalamikiwa haruhusiwi kukuhoji mwenyewe, anayeuliza ni mshauri wake. Ukiomba, mnawekwa vyumba tofauti na kuonana kwa video. Kama huna mshauri wa kumhoji yeye kwa niaba yako, chuo kinapaswa kukupa mmoja bila malipo.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, uliza, na majibu uyapate kwa maandishi: nitakayoyasema kwenye usuluhishi yanaweza kutumika kikaoni nikijitoa? Nani ataziona kumbukumbu? Maana chuo kinatakiwa kuzitunza miaka 7.

Hata usipolalamika rasmi, unastahili msaada: kuhamishwa bweni, kuongezewa muda wa kazi za darasani, ushauri nasaha, zuio la mawasiliano. Omba mapema, kwa sababu nimewaona waliochoka wakaacha masomo kimya kimya, na hapo ndipo viza inapoponzeka. Kwa mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kushuka chini ya kiwango cha masomo cha mwanafunzi wa muda wote bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni ni kuvunja masharti ya ukaazi. Idhini kwa sababu za afya ipo, na huhitaji barua ya daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni. Ipate barua, peleka ofisini, subiri idhini, ndipo uache somo.