Inveta yako mtandaoni: anza na akaunti

Fundi wa sola akimaliza kazi, huchomeka kijiti cha waifai, kinachotuma data mtandaoni, kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani) na kukuonyesha grafu kwenye simu yake. Msimamishe hapo hapo. Akaunti ikiwa kwa barua pepe yake, kampuni ya inveta inamtambua yeye kama mwenye mtambo, na siku akibadilisha namba, wewe huingii. Fungua akaunti kwa jina lako, sajili kijiti, ndipo umwongeze yeye kama msimamizi.

Vijiti vingi hushika mawimbi ya 2.4 GHz pekee. Rauta za faiba huficha 2.4 na 5 chini ya jina moja, kwa hiyo zitenganishe kwanza. Rauta na kisanduku cha faiba viwe kwenye laini zinazobaki na umeme stima ikipotea. Kisha kagua saa: inveta nyingine hutoka kiwandani na saa za China, UTC+8. Ukiziacha hivyo, betri uliyoipangia ianze kuchaji saa nne usiku itaanza saa kumi na moja jioni.

Sasa mita, ambapo pesa hupotelea. Mita nyingi za tokeni hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka: ukisukuma sola kwenye laini ya Kenya Power, unakatwa tokeni kana kwamba umetumia, au mita inajifunga ikidhani umeichezea. Kanuni za 2024 zinaruhusu kurudisha umeme, lakini lazima uombe, uwekewe mita ya pande mbili, na fundi awe na leseni ya daraja la T3 kutoka EPRA, mdhibiti wa nishati Kenya. Kabla ya hapo, zuia kabisa.

Kizuizi hutegemea koleo la CT, kihisi kinachoiambia inveta mkondo unaopita kwenye waya. Hubana waya wa laini peke yake, baada ya mita na kabla ya mzigo wowote. Likibana laini na nyutro pamoja, mikondo hufutana na inveta husoma karibu sifuri. Jaribu hivi: zima sola na betri, washa birika la wati 2,000. Skrini ionyeshe takriban 2,000 kutoka gridi. Ikionyesha hasi, geuza koleo. Kikomo cha umeme unaotoka usikiweke sifuri kamili. Acha wati 20 hadi 50 ziingie kutoka gridi, maana birika likizimwa ghafla inveta huchelewa kidogo kupunguza, na kijisehemu hicho huvuja kwenye mita.

Wa tatu akitaka data, awe aliyekukopesha mtambo au programu ya nyumbani, mpe ruhusa ya kusoma tu, isipokuwa mkataba unadai zaidi. Na usitegemee wingu, yaani seva za kampuni mtandaoni, kuzima hita: data yake mara nyingi hufika kila dakika 5. Kwa kazi hiyo vuta waya wa RS485, waya wa mawasiliano kati ya inveta na kompyuta yako, ndani ya nyumba, A kwa A, B kwa B, kasi ya mawasiliano 9600 kwa inveta nyingi. Waya mmoja hauna nafasi ya waulizaji wawili. Kijiti na kompyuta yako wakiuliza pamoja, majibu yanavurugika. Soketi za RS485 kwenye inveta mara nyingi hufanana na za rauta, ila usichomeke rauta humo.

Kampuni ikileta sasisho la programu, piga picha kurasa zote za mipangilio kwanza. Baadaye rudia jaribio la birika, kwa sababu uwiano wa CT (namba inayogeuza kipimo cha koleo kuwa mkondo halisi) na kile kikomo huweza kurudi vya kiwandani bila kukuarifu.