Pointi ya kwanza inakaa, ya pili inapotea: kuandika kuratibu halisi kwenye AutoCAD

Ndugu uliyeandika kutoka Bukavu, umeeleza kwamba mpimaji amekupa karatasi yenye kuratibu za pembe nne za kiwanja, yaani namba zinazoonyesha kila pembe iko wapi, kwamba ukiziandika kwenye AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, pointi ya kwanza inakaa mahali pake lakini ya pili inatoweka kwenye skrini, na kwamba linalokukera zaidi ni kuwa juzi, kwenye kompyuta hiyo hiyo, kazi ya namna hiyo ilikwenda bila shida. Naomba nijibu kwa urefu, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mwenyewe hapa Goma katika mwaka wangu wa kwanza wa kuchora, na lilinila usiku mzima.

Kiwanja kilikuwa upande wa Ndosho, na mwenye kiwanja alitaka kukizungushia ukuta wa mawe ya volkano kabla hajaanza nyumba. Mafundi walikuwa wameagizwa asubuhi ya kesho yake. Jeometa, kama tunavyomwita mpimaji ardhi hapa kwetu, alikuwa ameniachia ukurasa mmoja wa koordone, yaani kuratibu hizo. Nabadilisha tarakimu ili kiwanja cha mtu kisitambulike, lakini hesabu inabaki ya kweli. Jiwe la kwanza la mpaka lilikuwa 747120.40 kuelekea mashariki na 9814310.25 kuelekea kaskazini. La pili 747144.40 na 9814317.25, la tatu 747138.80 na 9814336.45, la nne 747114.80 na 9814329.45. Ukitoa la kwanza katika la pili unapata mita 24 mashariki na mita 7 kaskazini, yaani upande wa mita 25 kamili.

Niliita amri ya mstari, nikaandika jiwe la kwanza, nikaandika la pili, na mstari ukaruka juu ukatoka nje ya skrini. Nilipoomba kuona mchoro wote, kiwanja hakikuonekana, bali uzi mmoja mwembamba ulioinamia kulia kidogo. Niliuliza urefu wake nikajibiwa 9842715, na kwa kuwa nilikuwa nachora kwa mita, hizo ni zaidi ya kilomita 9,842 kwa ukuta wa mita 25. Kutoka ikweta hadi ncha ya dunia ni takriban kilomita 10,000, kwa hiyo mteja wangu angehitaji mawe mengi kidogo.

Nilifuta, nikaandika upya, nikamshuku jeometa, nikaishuku hata programu, mpaka nilipouliza kuratibu za ncha ya pili ya ule mstari na kusoma 1494264.80 na 19628627.50. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa maana 747120.40 ukijumlisha na 747144.40 unapata 1494264.80. Programu haikukosea kusoma. Ilichukua jiwe la pili kama hatua ya kupigwa kutoka jiwe la kwanza, ikajumlisha.

Kuratibu halisi ni zile zinazohesabiwa kutoka sifuri ya mchoro, na kuratibu tegemezi ni zile zinazohesabiwa kutoka pointi uliyotoka. Karatasi ya mpimaji huwa na zile halisi. Kanuni ya zamani, ambayo bado imo katika fotokopi nyingi tunazorithishana, inasema kwamba namba isiyo na alama ni halisi, na ukitaka tegemezi unatanguliza @. Kanuni hiyo ni kweli kwenye mstari wa amri ulio chini ya skrini. Lakini tangu toleo la AutoCAD 2006 kuna uingizaji unaofuata mshale, yaani vile visanduku vidogo vinavyoonekana kando ya mshale unapoandika, na mpangilio wake wa kiwandani ni kinyume: kuanzia pointi ya pili, namba huchukuliwa kuwa tegemezi hata usipoandika @. Pointi ya kwanza ya mstari haina iliyoitangulia, basi huwekwa kutoka sifuri, na ndiyo sababu yako imekaa sawasawa kila mara na kukufanya uamini kwamba namba zako zinaeleweka.

Ukiandika kwenye kisanduku cha mshale, tanguliza alama ya reli kwa kila pointi kuanzia ya pili, hivi: #747144.40,9814317.25. Ukibofya kwanza ndani ya mstari wa amri na kuandika humo, alama hiyo haihitajiki. Nadhani siri ya juzi iko hapo: ama visanduku vilikuwa vimezimwa, ama uliandika kwenye mstari wa amri bila kujali. Kitufe cha F12 ndicho kinachowasha na kuzima visanduku hivyo, na ni rahisi kukigusa bila kujua.

Mimi huzima kwa F12 kila ninapoingiza karatasi ya mpimaji, kisha huwasha tena ninapoanza kugawa vyumba, kwa sababu ndani ya nyumba mtu hufikiri kwa hatua: mita nne kulia, mita tatu juu. Ipo pia njia ya kubadilisha DYNPICOORDS, mpangilio unaotawala visanduku hivyo, kutoka 0 kwenda 1, na visanduku vitachukua kila namba kuwa halisi. Siipendi kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Atakayekaa baada yako ataandika 4,0 akitaka ukuta wa mita nne, na mstari wake utakimbilia karibu na sifuri ya mchoro, naye ataanza kukesha kama nilivyokesha.

Sasa nije kwenye mtego wa pili, ambao sisi wa Kongo tunaujengea nyumba. Tumesoma hesabu kwa Kifaransa, na katika Kifaransa desimali hutengwa kwa mkato, basi karatasi nyingi zinaandikwa 747120,40. Kwa AutoCAD mkato hautengi desimali, bali unatenga mashariki na kaskazini. Desimali hutengwa kwa nukta, hata kama programu yako inazungumza Kifaransa. Zaidi ya hayo, nafasi tupu katikati ya amri ni sawa na kubonyeza Enter. Ukinakili 747120,40 9814310,25 kama ilivyo, hujaweka jiwe moja, umeweka pointi mbili: ya kwanza mashariki 747120 na kaskazini 40, ya pili mashariki 9814310 na kaskazini 25. Programu haitalalamika. Itachora tu. Ile nafasi ambayo baadhi ya watu huiweka kutenga maelfu nayo iondoe yote kabla hujaanza.

Kama mawe ni mengi, usiyaandike kwa mkono. Katika Excel ya Kifaransa, mashariki ikiwa safu ya B na kaskazini safu ya C, andika kwenye D: =SUBSTITUE(B2;",";".")&","&SUBSTITUE(C2;",";".") na uivute hadi chini. Kisha kwenye AutoCAD zima F12, zima pia F3 ili mishiko ya pointi isivute namba zako kwenye mistari iliyo jirani, andika _PLINE, amri ya mstari wenye vipande vilivyoungana, bofya ndani ya mstari wa amri, ubandike safu yote ya D, na umalize kwa C ili umbo lijifunge. Kistari cha chini mbele ya jina la amri huifanya ieleweke katika lugha yoyote ya programu, jambo linalosaidia ofisi yenye kompyuta moja ya Kifaransa na nyingine ya Kiingereza.

Angalia pia mpangilio wa safu, kwa sababu wapo wapimaji wanaotanguliza kaskazini. Miji yetu mitatu, Goma, Bukavu na Lubumbashi, yote iko katika ukanda wa 35 kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda, ambamo kaskazini huhesabiwa kuanzia 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo namba yenye tarakimu saba ndiyo kaskazini: Goma inaanza na 98, kwenu Bukavu 97, Lubumbashi 87. Namba ya tarakimu sita ndiyo mashariki. Ukiiona ile ndefu mbele, zigeuze kabla hujaandika chochote.

Ukishafunga umbo, usiliamini kwa macho. Washa tena F3, ita _ID, amri inayosoma kuratibu za pointi, ubofye kila pembe kwa mshiko wa ncha, na usome namba zake mbele ya karatasi. Kisha ita _AREA. Kiwanja changu kilipaswa kutoa mita za mraba 500, pande za 25 na 20, na ulalo wa mita 32.02. Usiku ule, baada ya kutatua lile la F12, eneo bado lilikataa kuwa 500, kumbe kwenye jiwe la tatu nilikuwa nimeandika 9814363.45 badala ya 9814336.45. Umbo lilionekana la kawaida kabisa kwenye skrini.

Usishtuke pembe zikitofautiana. Kwa upande wa jiwe la kwanza hadi la pili programu inasema digrii 16.26, na karatasi ya jeometa inaweza kusema 73.74, au 81.93 kama anatumia gredi ambazo duara zima lina 400. Yeye anahesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, programu inahesabu kutoka mashariki kinyume cha saa, na 16.26 ukijumlisha na 73.74 ni 90.

La mwisho ni kuhusu kufanya kazi mbali hivyo na sifuri, kwani namba za mamilioni huchosha, na wakati mwingine ujazo wa mistari ndani ya ukuta hutetemeka au hukataa kujaa. Wengi husogeza mchoro wote hadi 0,0 na kusahau walikoutoa. Niliwahi kupokea faili ya namna hiyo kutoka ofisi nyingine, na hatukuweza kukiunganisha kiwanja kile na cha jirani mpaka mpimaji alipoitwa tena. Uache mchoro palepale, uite _UCS, ubofye jiwe la kwanza kama chanzo kipya, na kuanzia hapo 0,0 ni jiwe lenyewe. Kumbuka tu kwamba alama ya reli sasa itahesabu kutoka chanzo hicho kipya. Ukitaka sifuri ya zamani kwa pointi moja, tanguliza kinyota, hivi: *747144.40,9814317.25, na ukitaka kurudi moja kwa moja, ita _UCS na uchague W, au G kwa Kifaransa; herufi ikikataliwa, andika _W pamoja na kistari chake cha chini.

Jaribu kwanza F12 peke yake, usibadilishe kitu kingine, uandike mawe mawili tu. Ikishindikana bonyeza F2, nakili mistari kumi ya mwisho ya historia ya amri na uiweke hapa pamoja na namba za jiwe la kwanza na la pili, ukibadilisha tarakimu za katikati kama nilivyofanya. Kesho nikirudi ofisini, umeme ukiwapo, nitaisoma.