Kabla ya Kuhesabu Asilimia: Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Ugonjwa wa Miguu na Midomo

Anayeanza kazi ya kupima kuenea kwa ugonjwa wa miguu na midomo katika makundi ya ng'ombe wa nyama Afrika Mashariki hudhani kwamba maabara ndiyo itakayompa jibu, ilhali sehemu kubwa ya jibu hilo huamuliwa zizini.

Virusi hivi huenea upesi mno ndani ya kundi moja, kwa hiyo ng'ombe wanaolala pamoja hufanana kwa majibu, na kutoa damu ng'ombe thelathini wa boma moja hakuelezi mengi kuhusu wilaya nzima. Ni afadhali kuyafikia maboma mengi na kuchukua wachache katika kila moja, yakiwemo yale yaliyo mbali na barabara, kwa sababu makundi ya karibu na mnada huchanganyika sana na wageni, na ukiyategemea hayo peke yake utapata asilimia isiyowakilisha mengine.

Zingatieni sana umri. Ndama wa chini ya miezi sita huenda bado ana kingamwili (protini za kinga ambazo kipimo cha damu huzitafuta) alizozipata kwenye maziwa ya mama yake, na kwa upande mwingine, ng'ombe mzima hubaki na kingamwili kwa miaka baada ya kupona. Asilimia kubwa miongoni mwa majike wazee, basi, ni historia ya kundi. Anayetaka kujua kama virusi vimepita karibuni awatazame wale wa kati ya miezi sita na kumi na minane, tena waliozaliwa hapo hapo, si walionunuliwa mnadani. Mimi siikubali fomu isiyoonyesha umri kwa meno na asili ya mnyama.

Ulizeni pia habari za chanjo. Kipimo cha protini zisizo za muundo wa virusi, yaani zile zinazotokea virusi vikizaliana mwilini na ambazo huondolewa chanjo inaposafishwa, hutenganisha aliyeambukizwa na aliyechanjwa, lakini chanjo isiyosafishwa vizuri, ikirudiwa mara nyingi, inaweza kukipotosha. Isitoshe, kipimo hicho hakitaji aina ya virusi, na huku kwetu huzunguka O, A, SAT 1 na SAT 2. Ili kuijua, chukueni ngozi ya lengelenge bichi na kuiweka katika kimiminika kisicho na asidi, kwenye ubaridi.

Kundi lenye wagonjwa litembelewe mwisho, na buti na kamba zioshwe kwa maji ya magadi ya kufulia kabla ya kuondoka hapo.