Mwalimu mkuu anasema tumtafutie "shule yao"

SWALI: Shikamoo mama. Binti yetu ana miaka tisa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mpaka leo maneno yake ni machache, ingawa akitumwa anaelewa. Hospitali walituambia ana ulemavu wa akili. Shule zilipofunguliwa nilimpeleka kumwandikisha, mwalimu mkuu akasema nimtafutie "shule yao". Jirani anasema Buigiri, shemeji anasema Mirembe. Mke wangu shambani haendi tena, anashinda naye. Nianzie wapi? Na msaada wa fedha upo?
Baba, Wilaya ya Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tuwaweke kando hao washauri wako. Shule ya Buigiri ni ya wasioona, na binti yako anaona. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, naye haumwi. Anajifunza polepole, basi, na hakuna kidonge cha kumfanya aseme. Ila kama huwa anaanguka kifafa (hukuandika, na baadhi ya watoto hawa wanacho), hilo lina dawa. Mpelekeni kituo cha afya wiki hii hii.

Sasa shule. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama watoto wengine wa kijiji chenu. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumrudishia mlangoni. Namwelewa: darasa limefurika, na mwalimu wa elimu maalumu pengine hana. Lakini hiyo ni hoja ya kuomba mwalimu. Haimpi ruhusa ya kumkataa mtoto.

Rudi pale ukiwa na mtendaji wa kijiji, uombe jibu kwa maandishi. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na niliona wakuu wa shule wengi wakilegea pale tu walipoombwa waandike walichokisema kwa mdomo. Akigoma, andika wewe: tarehe, cheo chake, maneno aliyoyatamka. Mtendaji agonge muhuri. Barua iende kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri, nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ukiambatisha cheti cha kuzaliwa na karatasi ya hospitali. Omba mambo mawili tu: mtoto apimwe mahitaji yake, na uambiwe shule ya karibu yenye kitengo cha elimu maalumu. Vitengo hivyo vipo ndani ya baadhi ya shule za msingi za kawaida, na walimu wake wamesomea kazi hiyo, wengine Chuo cha Patandi kule Arusha.

Sheria hiyo hiyo inataka kila kijiji kiwe na kamati ya watu wenye ulemavu. Muulize mtendaji wajumbe ni akina nani. Akijikuna kichwa, liibue hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Watakushauri bweni. Mimi sipendi. Mtoto wa miaka tisa asiyeweza kusema nani kamgusa au kampiga, alale kwenu. Wenzangu kazini walinibishia sana kwa hili na bado sijabadilika.

Fedha: Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi kwa kila mtoto mwenye ulemavu, anayekuahidi hiyo anataka umpe hela "ya fomu". TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni kwa kaya maskini, na majina hupita mkutano wa kijiji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwenu ningeanza na mkeo. Aingie kikundi cha wanawake, kiwe na kazi ya kufanyia nyumbani, kwa mfano kukamua alizeti au kufuga kuku, na amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Lakini mjue ni mkopo, utarudishwa hata mvua ikigoma.

Ukifika halmashauri, barua usimwachie mtu wa mapokezi. Ipeleke masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uombe namba ya jalada. Ukirudi kuulizia, watakuuliza hiyo kwanza.