Anti Sindano anajibu: viporo vya sweta na mipango ya Januari

Shikamoo Anti Sindano. Mi nipo Mbeya, nafuma kwa kujifurahisha tu sio biashara, nilifundishwa na mama mkubwa tangu niko shule ya msingi. Sasa juzi nimefungua begi langu la nyuzi nikachoka kabisa. Kuna sweta la mume wangu lina mgongo, kifua na mkono mmoja, kuna kasweta ka mtoto nilikaanza nina mimba na mtoto mwenyewe saa hizi anakimbia, kuna soksi moja, kuna skafu ambayo pateni yake hata siikumbuki, alafu kuna blanketi la kitanda sita kwa sita ambalo nimefuma vipande viwili vitatu nikaacha. Kila Januari naandika kwenye daftari "mwaka huu namaliza vyote kabla sijanunua uzi mpya" na ikifika Machi nishaanza kitu kingine. Mume ananiuliza mkono wa pili akauazime kwa nani. Naomba mpango wa kueleweka anti.
*Mama Viporo, Mbeya*

Marahaba mwanangu, na mwambie baba watoto pole, ila atavaa.

Hiyo sentensi ya daftarini ifute leo leo. Umeviweka vitu vitano kwenye kapu moja kana kwamba vyote vimekwama kwa uvivu wako, wakati kila kimoja kimekwama kwa sababu yake, na ukishaijua sababu unajua pia kama kinamalizwa au kinafumuliwa. Toa vyote vipange kitandani, anza na hilo la mume.

Sweta la mume limekwama kwenye mkono wa pili, na hapo ndo wanapokwama watu wengi sana maana ule mkono ulishaufuma mara moja, hakuna jipya, ni kurudia tu. Chukua ule uliokwisha, weka pini kila baada ya mistari kumi, andika ulianza na vitanzi vingapi na uliongeza wapi, ili ukikaa jioni unafuata karatasi tu husumbui kichwa. Kama mkono wa pili nao uliuanza ukauacha kwenye sindano, fumua mistari ya juu kwanza, vile vitanzi vilivyolala kwenye sindano muda mrefu vimevutika na vitaacha alama. Na mkono wako wewe mwenyewe umebadilika, aliyekaa bila kufuma akirudi hukaza au hulegeza bila kujua, kwaiyo ukifika kama sentimita kumi lalisha juu ya ule wa kwanza ulinganishe upana. Ukiona unabana panda sindano moja (nene zaidi), ukiona umelegea shuka moja (nyembamba zaidi). Alafu kuna kitu nawaambia wote na hawanisikii: usisubiri vipande vyote viishe ndo uunganishe. Shona mabega sasa hivi, fuma kola, mvalishe baba hata kama ana mkono mmoja, maana masweta mengi yanafia kwenye kuunganisha kuliko kwenye kufuma, na yeye akishalijaribu mbele ya kioo atakusumbua kila siku mpaka umalize. Mbeya baridi yenyewe ni Juni na Julai, una muda wa kutosha kabisa. Sweta lijalo mikono yote miwili ianze pamoja kwenye sindano moja, madonge mawili ya uzi, mstari wa huku mstari wa kule, hakutakuwa na mkono wa pili wa kukuchosha.

Kasweta ka mtoto usikafumue hata kidogo. Hakuna ukoo usio na mjamzito, kamalize mpe wifi.

Soksi, angalia uzi uliobaki. Kama unatosha fuma ya pili, kama hautoshi na dukani hawana loti ile ile ya rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja na zako, fumua. Ukilazimisha loti nyingine utajuta maana rangi mbili zinazokaribiana kwa taa za usiku zinafanana, ila jua likitoka kila mtu anaona. (Kwenye sweta kuna ujanja wake, unafuma mstari mmoja loti ya zamani mmoja mpya, tofauti inapotea, au unaamua kola na vikuku vya mikono viwe rangi nyingine kabisa ionekane ulikusudia.)

Skafu, fumua bila huruma. Kitu ambacho pateni yake umeisahau na hata hamu ya kuitafuta huna, hukihitaji. Vuta uzi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukajisokota, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, usikamue kwa kusokota, ning'iniza kivulini na kitu chepesi chini kiuvute. Kama ni sufu yale mawimbi yanaondoka, kama ni akriliki hayatanyooka sana lakini tumia hivo hivo. Na utashangaa, sindano yako namba nne uliyoitafuta mwaka mzima iko humo. Nusu ya watu wanaonunua sindano mpya sindano zao ziko mafichoni ndani ya viporo.

Blanketi sasa. Hili ndo pekee kati ya vyote linalofaa kuwa lengo la mwaka, tena lina hesabu nzuri. Sita kwa sita ni futi, karibu sentimita 183 kila upande. Mraba wa sentimita 15 unahitaji kumi na mbili kwa kumi na mbili, jumla 144, yaani 12 kwa mwezi, yaani karibu tatu kwa wiki, kazi ya mtu anayeangalia tamthilia. Ila usifume yote 144 uyarundike kwenye mfuko! Kila mraba una ncha mbili za uzi za kuficha, hizo ni 288 kama kila mraba una rangi moja tu, na Desemba hakuna binadamu mwenye moyo wa kukaa afiche ncha 288. Ficha ukimaliza kila mraba, unganisha kila ukifikisha miraba kumi na mbili ya mstari mmoja. Blanketi ukiliona linarefuka unapata hamu.

Na hiyo ya kutonunua uzi mpaka vyote viishe, mi siiamini. Januari yenyewe ada za shule zishakukataza kununua, huhitaji sheria nyingine juu yake. Bakiza viwili tu kwenye sindano, kimoja cha kutumia akili na kimoja cha kubeba kwenye kikao cha kikoba, ukitaka cha tatu kimoja kati ya hivyo kiishe au kifumuliwe.

Habari yako Anti, mimi ni mwanaume wa Nairobi na ndio, nafuma, maboyz walicheka wakachoka na sasa wanaagiza makofia. Mwaka huu niliamua sinunui uzi wa duka, nitanunua sweta za mtumba soko la Gikomba nizifumue nitumie uzi wake. Ya kwanza niliokota poa sana, sufu safi, bei ya kutupa, lakini kuanza kuvuta uzi unakatika vipande vifupi vifupi, zote zimekuwa takataka. Shida ni gani?
*Mfumaji wa Gikomba*

Nzuri kaka, na wazo lako nimelipenda kuliko mengi niliyoletewa Januari hii.

Shida iko kwenye mishono ya ubavuni. Hiyo sweta ilifumwa kama kitambaa kirefu, ikakatwa kwa mkasi kama nguo ya kawaida na kupigwa ovaloki pembeni. Maana yake kila mstari umeshakatwa ncha zote mbili, huwezi kupata uzi mrefu hata ufanye nini. Kabla hujalipa igeuze ndani nje. Ukiona ovaloki, nyuzi nyingi zimerundikana kwenye ukingo, rudisha. Unachotaka ni ukingo safi ambapo vitanzi vinageuka vyenyewe na kurudi, na mshono mmoja mwepesi unaounganisha vipande viwili, ule unaukata pole pole sweta linafunguka vipande vizima. Nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu, kwaiyo anza kuvuta shingoni, ukianzia chini utagombana nao usiku kucha.

Pia acha zile zilizooshwa kwa maji moto zikashikana zikawa ngumu, hazifumuki. Na lebo ya mtumba mara nyingi ishakatwa, basi chomoa kauzi kidogo uchome juu ya sahani: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni, pamba inawaka na kunuka karatasi, akriliki inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Usifanye hivyo mbele ya muuzaji lakini, atakufukuza. Ukiona vitundu vidogo vidogo huyo ni nondo wa nguo, na mayai yake yanaweza kuwa bado yamo. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni ikae friza wiki nzima kabla haijaingia chumba chenye nyuzi zako nyingine.

Shikamoo Anti, mimi sifumi sweta, nashona kofia ya viua, ile ya vitundu vidogo vidogo, kwa mkono. Nipo Muscat ila mzawa wa Unguja. Nilimuanzia babaangu kofia, juu nishamaliza, pembeni nimefika nusu na nshachoka, macho yaniuma. Nataka kumpelekea fundi amalizie ili babaangu aivae Idi. Itakuwa sawa?
*Binti wa Unguja*

Marahaba. Kumpa fundi si aibu, kofia ya mkono ni kazi ya miezi na kila mtu anajua. Ila usimpe hiyo pembeni iliyofika nusu, mkono wa mtu kwenye vile vitundu unaonekana kama mwandiko, vyako vitakuwa vikubwa kidogo vyake vidogo au kinyume, na kwa kuwa vitakaa mstari mmoja ubavuni hata asiyejua kushona ataona. Mpe ashone pembeni yote upya kwenye kitambaa kingine kwa viua vile vile, wewe juu yako ibaki, pale zinapoungana tofauti haitaonekana. Hiyo nusu yako itunze, macho yakipumzika utaimalizia kofia ya mwanao. Na kabla fundi hajaanza kukata, mpigie babaako simu mtu ampime kichwa kwa uzi, juu kidogo ya masikio, uongeze nafasi ndogo kwa sababu pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza.